KITILI MWENDWA: JAJI MKUU ALIYEITANGULIA SKULI YAKE

Habari za kifo cha Kitili Mwendwa zilitufikia kwa redio, mwishoni mwa mwezi wa Septemba mwaka 1985. Mimi nilikuwa kijana wa miaka 15, na nilikuwa nimekaa katika baraza ya mjomba wangu hapo Mji wa Kale, Mombasa, nikiwasikiliza wazee na kahawa yao. Mtangazaji alisema kwamba Mbunge wa Kitui Magharibi amefariki katika ajali ya gari. Wazee wengine waliendelea na mazungumzo yao, kwani Kitui ni mbali na wabunge ni wengi. Mjomba wangu peke yake ndiye aliyeweka kikombe chini. Alikuwa amefanya kazi ya ukalimani wa mahakama miaka mingi, na akatueleza kwamba huyo aliyefariki si mbunge tu. Alikuwa ndiye Mwafrika wa kwanza kukaa juu ya mahakimu wote wa nchi hii.

Nilistaajabu. Majaji wakuu niliowasikia tangu kupata akili yangu walikuwa Wazungu, na nilidhani ndivyo mambo yalivyokuwa siku zote. Nikamwuliza mjomba ilikuwaje Mwafrika akipate kiti kile, kisha kiti kirudi kwa Wazungu. Mjomba alinijibu kwa ufupi kwamba kiti kilifika kabla ya skuli. Sikumfahamu siku ile. Imenichukua miaka mingi, pamoja na safari ya Kitui na Makueni, kuyafahamu maneno hayo, na ndiyo maana leo nataka kuwasimulia wasomaji habari za maisha ya marehemu huyo.

Kwanza niseme kwa nini mjomba wangu aliijali habari hiyo. Babu yangu mzaa mama alikuwa na kipande cha shamba la minazi huku Pwani. Katika miaka ya hamsini alishitakiwa juu ya shamba hilo. Mahakamani hakimu alikuwa Mwingereza, mawakili wote wawili walizungumza Kiingereza, na babu alisimama akaeleza kwa Kiswahili chake safi tangu shamba lilipolimwa na babu zake, mipaka yake, na majirani wa kila upande. Alisema kwa muda mrefu. Mkalimani akageuka, akayatia maneno yale yote katika sentensi mbili au tatu. Babu aliondoka bila shamba, na hata siku ya kufa kwake hakujua kama hakimu aliisikia hoja yake. Mjomba alikuwa kijana wakati huo, na aliapa kuwa mkalimani ili mzee mwingine asifanyiwe vile. Lakini ukalimani ni kufikisha maneno tu. Kuamua kuko kwa mwingine, na huyo mwingine lazima awe amesomea mahali.

UKAMBANI NA PWANI

Baadhi yetu huzungumza juu ya Kitui kana kwamba ni nchi ya mbali isiyotuhusu. Historia haisemi hivyo. Katika karne ya 19, misafara ya Wakamba ndiyo iliyoteremsha pembe za ndovu hadi Mombasa, na kupandisha nguo, shanga na chumvi. Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kitui, alijulikana hapa Pwani. Mwaka 1849 mmishonari Krapf, aliyekuwa Rabai, alifika kwa Kivoi huko Kitui, na ni kutoka nchi hiyo ndipo alipouona mlima wa Kenya. Wakamba waliohamia Rabai na Mariakani wamekuwa majirani zetu kwa vizazi vingi.

Aidha wako wazee wa Lamu waliosimuliwa na baba zao habari za Muindi Mbingu. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliamua kuwapunguzia Wakamba mifugo yao kwa nguvu. Maelfu ya watu walikwenda Nairobi kwa miguu wakamtake Gavana awarudishie ng'ombe wao, na kiongozi wao alikuwa Muindi Mbingu. Alikamatwa, akahamishiwa Lamu, akawekwa huko mbali na watu wake. Jambo hilo lilifanywa kwa karatasi, yaani kwa amri iliyoandikwa na watu waliojua sheria, dhidi ya watu ambao katika kabila lao zima hapakuwa na wakili hata mmoja wa kuisoma karatasi ile na kuijibu.

Kitili Mwendwa alikuwa mtoto wa miaka tisa hivi mambo hayo yalipotokea. Alizaliwa mwaka 1929 huko Matinyani, karibu na mji wa Kitui. Baba yake, Mwendwa wa Kitavi, alikuwa chifu mkubwa, mtu wa cheo katika utawala ule ule wa kikoloni, na alipendelea sana wanawe wasome. Si ajabu basi kwamba nyumba hiyo moja ilitoa watu watatu waliojulikana nchi nzima. Eliud Ngala Mwendwa alikuwa waziri wa Kazi katika serikali ya Mzee Kenyatta. Kyale Mwendwa aliongoza idara ya elimu. Na Kitili akaingia katika sheria.

MWALIMU KWANZA

Lakini hakuanza na sheria. Kitili alisoma Alliance, kisha akaenda Makerere huko Uganda, na elimu aliyotoka nayo ilikuwa ya ualimu. Alirudi Kenya akafundisha katika chuo cha walimu cha Kagumo. Mtu anaweza kuuliza kwa nini kijana mwenye akili ya sheria asomee ualimu. Jibu ni kwamba hapakuwa na mahali pa kusomea sheria Afrika Mashariki nzima.

Hapa inafaa tutue kidogo, kwa sababu wengi hudhani Chuo Kikuu ni kitu kimoja, kikiwapo basi kila elimu imo. Sivyo. Chuo Kikuu ni kama mji wenye mitaa, na mitaa hiyo haikujengwa siku moja. Makerere ilikuwa ikifundisha utabibu tangu miaka ya ishirini, kwa sababu serikali ilihitaji wasaidizi wa madaktari. Nairobi kulianzishwa Royal Technical College, iliyopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1956, na ndani yake mliingia mchango wa Wahindi waliotaka kumkumbuka Mahatma Gandhi. Huko kulifundishwa uhandisi, uchoraji wa majengo na biashara. Utabibu wa wanyama ulihamishwa kutoka Makerere ukapelekwa Kabete mwaka 1962. Hata hapa Mombasa tulikuwa na chuo chetu cha MIOME, kilichoanzishwa kwa ajili ya vijana Waislamu wa Afrika Mashariki, kwa fedha zilizotoka kwa Aga Khan, Sultani wa Unguja na wengineo, ili wajifunze ufundi na kazi za bahari.

Mkoloni basi alikuwa tayari kumfundisha Mwafrika kutibu mtu, kutibu ng'ombe, kusimamisha daraja na kuendesha mashine. Sheria aliichelewesha. Daktari humtibu aliye mbele yake akaondoka. Wakili husimama akamwuliza mtawala amepata wapi amri yake. Waafrika wachache waliopata sheria kabla ya uhuru ilibidi wavuke bahari, kama alivyofanya Argwings-Kodhek, aliyekuwa Mwafrika wa kwanza nchini kuwa wakili. Walikuwa wakihesabika kwa vidole, na mahakama zilikuwa za mawakili Wazungu na Wahindi.

Kitili naye alivuka. Alikwenda Uingereza, akasoma sheria, akaendelea na masomo mpaka Oxford, na akapokewa katika uwakili huko London kwa desturi ya Kiingereza, ambayo humtaka mwanafunzi awe mwanachama wa mojawapo ya nyumba nne za kale za mawakili. Alirudi nyumbani mwanzoni mwa miaka ya sitini, wakati bendera ya Mwingereza inakaribia kuteremshwa. Alipewa kazi katika wizara mbalimbali hadi akawa katibu wa kudumu, na mwaka 1964 akafanywa Wakili Mkuu wa Serikali, chini ya Mwanasheria Mkuu Charles Njonjo. Mwaka huo huo alimwoa Nyiva, ambaye baadaye aliingia Bunge kwa kura za Kitui mwaka 1974, na mwaka 1995 akawa mwanamke wa kwanza kuwa waziri kamili katika Kenya.

SHERIA YATAFUTIWA NYUMBA

Wakati Kitili akihangaika na masomo ya ng'ambo, watu wengine walikuwa wakijadili namna ya kuileta skuli ya sheria karibu. Kamati ya Kiingereza iliyoongozwa na jaji Lord Denning ilitoa ripoti yake mwaka 1961, ikitaka sheria ifundishwe Afrika kwenyewe. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo, Tanganyika ikiwa bado haijapata uhuru, chuo kilifunguliwa Dar es Salaam katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba. Kitivo chake cha kwanza kilikuwa cha sheria, na wanafunzi wake walikuwa 14 tu. Nayapenda sana masimulizi haya. Chuo Kikuu kizima, kilichokuja kuwa mji juu ya kilima, kilianza na vijana 14 wa sheria katika jengo la kuazima.

Mwaka 1963 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam ziliungana kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, Mwalimu Nyerere akiwa chansela wake. Kazi ziligawanywa kama ndugu wanavyogawana vyombo vya nyumba. Aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi. Aliyetaka kilimo alikwenda Makerere. Aliyetaka sheria, awe Mkamba, Mganda au Mswahili, alikwenda Dar es Salaam. Nairobi ilikuwa na Chuo cha Sheria cha Kenya, kilichofunguliwa mwaka 1963, lakini hicho hakikuwa sehemu ya Chuo Kikuu. Kilikuwa mahali pa kuwafundisha wanagenzi waliokuwa wakijifunza kazi katika ofisi za mawakili. Na mwanagenzi ilimpasa kwanza apate wakili wa kumkubali. Kwa kijana wa Kiafrika asiye na jamaa katika kazi hiyo, mlango huo ulikuwa mwembamba.

Sisi tuliosoma chuoni kwa maalimu hatuoni ugeni katika habari hii. Kadhi naye hakuzaliwa kadhi. Alikaa miguuni mwa sheikh, akasoma kitabu baada ya kitabu, mpaka sheikh wake akamridhia na kumpa ijaza. Aliyetaka elimu zaidi alikwenda Lamu, Unguja au Hadhramaut. Elimu yetu ilikuwa na skuli zake kabla ya kuja kwa serikali, na ndiyo sababu mahakama za kadhi hazikuhitaji kuazima mtu.

MWAKA 1968

Mwaka 1968 Jaji Mkuu Sir John Ainley aliondoka, na Kitili Mwendwa akakaa mahali pake. Alikuwa hajafikia miaka 40. Mjomba wangu alikuwa akisimulia jinsi habari hiyo ilivyopokewa katika ofisi za mahakama ya Mombasa. Makarani Waafrika walitazamana. Wengine walifurahi, wengine waliona haya kuonyesha furaha mbele ya wakubwa wao. Mzee mmoja mfagiaji, Mkamba, aliyekuwa akiitwa kwa jina lake tu siku zote, siku ile aliamkiwa kwa heshima na kila mtu.

Jambo ambalo watu wa Pwani hulisahau ni kwamba mwaka ule ule wa 1968 sisi nasi tulipata Kadhi Mkuu mpya. Sheikh Muhammad Kasim Mazrui aliondoka, na Sheikh Abdullah Saleh Farsy wa Unguja akashika kazi. Mahakama za kadhi zilikuwa zimewekewa ahadi katika makubaliano ya Oktoba 1963, wakati Sultani alipoiacha haki yake juu ya ukanda wa Pwani, na sheria ya Bunge ya kuziweka ilipitishwa mwaka 1967, Kitili akiwa Wakili Mkuu wa Serikali. Kwa mujibu wa taratibu hizo, rufaa ya kadhi ikipelekwa Mahakama Kuu, jaji hukaa pamoja na Kadhi Mkuu au makadhi wawili wa kumshauri. Kwa hivyo chifu wa Kitui alimzaa mtu aliyekuwa juu ya mahakama ambazo Sheikh Farsy alikuwa mshauri wake.

Nimewafikiria sana watu wawili hawa. Wote wawili walianza kazi kwa ualimu. Sheikh Farsy alikuwa mwalimu na mkaguzi wa skuli za Unguja kabla ya kuwa kadhi. Mmoja elimu yake aliifuata London na Oxford, mwingine aliipata kwa masheikh wa Unguja. Lakini Sheikh Farsy nyuma yake alikuwa na msururu. Angeondoka, yuko mwanachuoni mwingine Lamu au Mombasa wa kuishika kazi, na alipoondoka akaenda Oman, ambako alifariki mwaka 1982, kazi haikukatika. Kitili nyuma yake hapakuwa na msururu. Alikuwa mtu mmoja juu ya ngazi ambayo vipago vyake vya chini vilikuwa bado havijatiwa.

VIPAGO VYATIWA, MTU ATEREMKA

Julai mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kiligawanyika, na Nairobi ikawa na Chuo Kikuu chake, Mzee Kenyatta akiwa chansela. Kila nchi sasa ilitaka skuli zake zote. Nairobi ilikuwa imekwisha kupata kitivo cha utabibu mwaka 1967. Mwaka 1970 ikaongezewa kilimo, na ikafunguliwa skuli ya uandishi wa habari, kazi hii yangu inayonipa riziki. Mwaka huo huo kikaanzishwa kitivo cha sheria. Sidai kwamba Kitili ndiye aliyekijenga, kwani hiyo ilikuwa kazi ya Chuo Kikuu na serikali. Ninalosema ni kwamba kilizaliwa yeye akiwa kitini, na kwa mara ya kwanza kijana wa Kenya aliweza kuanza digrii ya sheria bila kuvuka mpaka wala bahari.

Masomo hayo yalikuwa ya miaka mitatu. Kitili hakungoja mwisho wake. Mwaka 1971 serikali ilitangaza kwamba imegundua njama ya kuipindua. Watu kadhaa walishitakiwa wakafungwa, miongoni mwao Gideon Mutiso, Mbunge wa Yatta. Mkuu wa majeshi, Jenerali Ndolo, Mkamba mwenzao, alilazimika kuacha kazi. Katika kesi hiyo jina la Jaji Mkuu lilitajwa. Hakushitakiwa, wala hapana mahakama iliyomtia hatiani, lakini katika mwezi wa Julai alijiuzulu. Miaka mitatu tu tangu alipokikalia kile kiti, kilikuwa wazi.

Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Serikali ilitazama huku na huku, ikamweka Sir James Wicks, Mwingereza. Baada yake akaja Mwingereza mwingine, kisha Chunilal Madan mzaliwa wa Kenya mwenye asili ya Kihindi, na wengine waliozaliwa Guyana, Uingereza na Ghana. Mwafrika mwingine mzawa wa Kenya hakukikalia kiti hicho mpaka mwaka 1997, alipoteuliwa Zacchaeus Chesoni. Siwalaumu waliokaa, kwani miongoni mwao walikuwamo majaji wa haki. Lakini ilikuwa miaka 26. Hayo ndiyo aliyokusudia mjomba wangu. Kiti kilifika kabla ya skuli, na kiti kisicho na skuli nyuma yake kinaweza kuondolewa kwa barua moja ya asubuhi.

Kitili alirudi katika mambo yake ya kibinafsi, akakaa kimya miaka mingi. Mwaka 1984 watu wa Kitui Magharibi walimchagua kuwa Mbunge wao katika uchaguzi mdogo. Wengi walitumaini kwamba sasa sauti yake ingesikika tena. Hazikupita hata siku nyingi, tarehe 27 Septemba 1985, ajali ya gari ikamaliza maisha yake. 

SAFARI YA KITUI

Mwaka jana nilipata nafasi ya kwenda kuiona nchi yake. Niliacha barabara kuu ya Nairobi hapo Kibwezi, katika Makueni, nikashika njia ya lami inayopita Ikutha na Mutomo hadi mji wa Kitui. Ni nchi kavu yenye mibuyu na udongo mwekundu, na watu wake hutembea mbali kwa ajili ya maji. Mjini Kitui niliswali adhuhuri pamoja na Waislamu wenyeji. Niliwauliza vijana kuhusu Kitili Mwendwa. Wachache walilijua jina. Lakini nilipowauliza juu ya sheria, kila mmoja alikuwa na ndugu au rafiki aliyesomea sheria, au mwenyewe alitamani kusomea.

Nikakumbuka hesabu fulani. Mwaka 1971, mwaka ule ule ambao Kitili aliacha kiti, kijana mmoja wa Kitui alimaliza digrii yake ya sheria Dar es Salaam, katika kitivo kile kilichoanza na wanafunzi 14. Jina lake Willy Mutunga. Alirudi akafundisha sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi, mwaka 1982 akawekwa kizuizini, na mwaka 2011, baada ya kuhojiwa hadharani mbele ya taifa, akawa Jaji Mkuu wa kwanza chini ya katiba mpya ya 2010. Kiti kilirudi Kitui baada ya miaka 40. Safari hii hakikuwa cha mtu mmoja aliyetoka ng'ambo. Alikuwa mtu aliyepita darasani hapa hapa, na nyuma yake walikuwako maelfu waliopita kama yeye. Waliomfuata, David Maraga mwaka 2016 na Martha Koome mwaka 2021, wote wawili ni wanafunzi wa kitivo cha Nairobi kilichozaliwa mwaka 1970.

Makueni nayo ilipata fungu lake. Mutula Kilonzo, aliyekuwa waziri wa sheria na kisha seneta wa Makueni mpaka alipofariki mwaka 2013, alisomea Dar es Salaam. Kivutha Kibwana, gavana wa kwanza wa Makueni, aliwahi kuwa mkuu wa kitivo cha sheria cha Nairobi. Yaani mwana wa Ukambani, ambako mwaka 1938 hapakuwa na mtu wa kuisoma karatasi ya Muindi Mbingu, ndiye aliyekuwa akiwafundisha wengine namna ya kuiandika.

Nilirudi kwa njia ya Kwa Vonza, ambako kiko Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya. Mahali hapo palikuwa chuo cha kilimo cha Ukambani. Mwaka 2008 pakawa tawi la Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 2013 pakapewa hati ya kujitegemea. Niliwaona wasichana na wavulana wakitembea juani na vitabu vyao. Watu wa nchi kavu wamejenga skuli za kilimo na elimu ya maji katika nchi yao wenyewe, na hapana kiongozi atakayeweza kuziondoa kwa barua ya asubuhi.

LILILO LETU

Mwaka huo huo wa 2013 ile MIOME yetu, iliyokuwa imekwisha kugeuka Politekniki, ilipata hati ya kuwa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kilikuja kufungua masomo ya sheria hapa hapa Mombasa. Skuli imetufuata mpaka mlangoni. Hapana tena haja ya kwenda Oxford, wala Dar es Salaam, wala hata Nairobi.

Nayasema haya kwa sababu sisi watu wa Pwani tuna tabia ya kuhesabu viti. Akipatikana waziri wetu mmoja tunafurahi, akitolewa tunalia. Maisha ya Kitili Mwendwa yananionyesha hesabu nyingine. Alikuwa mtu mwenye akili na elimu ambayo wachache walikuwa nayo wakati wake, na kiti chake kilikuwa kikubwa, nacho hakikudumu hata miaka minne. Kitivo kilichoanza kimya kimya akiwa madarakani kimeingia nusu ya pili ya karne na bado kinatoa watu.

Mjomba wangu alifariki zamani, Mungu amrehemu. Mjukuu wake wa kike sasa ni wakili. Mwaka juzi nilikwenda kumsikiliza akimtetea bibi mmoja katika kesi ya shamba. Bibi alizungumza Kiswahili cha kwetu, kirefu, chenye mipaka yote na majirani wote. Mjukuu alimwachia mpaka akamaliza. Kisha akasimama, akamweleza hakimu kila neno, na hakimu akawa anaandika.